Kabla ya Kuminya Mpira, Angalia Kifundo cha Mkono

Kunja ngumi kwa nguvu zako zote. Sasa, bila kuilegeza, inamisha mkono kwenye kifundo kuelekea upande wa kiganja hadi mwisho. Ngumi inalegea yenyewe. Mwenzako akiwa ameweka kalamu ndani yake, ataichomoa bila taabu.

Vidoleni hamna misuli. Ipo midogo kiganjani, lakini ile mikubwa ya kukunja vidole imekaa kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta vidole kwa kano ndefu. Msuli una urefu unaoupa nguvu; ukishafupika mno, hauna tena pa kuvutia. Mkono ukiinama, msuli huo umefupika kabla vidole havijashika kitu, na kano za upande wa nyuma hukazika zikivifungua vidole. Ndiyo maana anayekamua nguo au kushika jembe hurudisha kifundo nyuma kidogo, nyuzi 20 hadi 35 hivi, bila kufundishwa na mtu.

Basi misuli inayoinua kifundo ina sehemu yake katika nguvu ya kushika, ijapokuwa haikunji kidole hata kimoja. Mtazame aliyevunjika mfupa wa juu ya kiwiko akaumia neva ya radiali, ile inayoamuru misuli ya kuinua kifundo. Mkono unaning'inia. Misuli ya kukunja vidole ni mizima kabisa, lakini kikombe kinamshinda. Mfunge gango la kuinua kifundo, na hapohapo anashika vizuri zaidi.

Kwa hiyo sikubaliani na desturi ya kutoa plasta ya mfupa uliovunjika leo na kununua mpira wa kuminya kesho ili kurudisha nguvu ya mkono. Kifundo kizima hurudi nyuma takriban nyuzi 70. Kikigomea kwenye 10, unaminya kwa misuli isiyo na nafasi ya kufanya kazi. Daktari akishathibitisha kwamba mfupa umeunga, anza na mwendo: kutanisha viganja kifuani, vishushe taratibu huku viwiko vikipanda pembeni, uishie pale unapohisi mvuto, si maumivu makali. Mpira utafuata.

Hospitalini tunapima nguvu ya kushika kwa dainamomita, kifaa unachokiminya kikasoma nguvu yako kwa kilo, umeketi na kiwiko kimekunjwa nyuzi 90. Kwa mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2019, chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke huashiria udhaifu wa misuli ya mwili, hasa uzeeni. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2015 katika jarida la The Lancet uliona kwamba kila pungufu ya kilo 5 iliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Hilo halina maana kwamba kuminya mpira kunarefusha maisha. Mkono unatoa tu habari za mwili mzima.

Ganzi ya usiku kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati ni jambo jingine. Kano 9 na neva moja hupita kwenye njia nyembamba kifundoni, na kulala umekikunja huibana neva hiyo. Nyama ya chini ya dole gumba ikianza kunywea, njoo hospitali mapema.