Tairi jembamba ndo linakimbia zaidi? Hapana aisee

Bado nasikia watu wanasema baiskeli ya resi lazima iwe na tairi jembamba la milimita 23, tena lijazwe upepo mpaka liwe gumu kama jiwe, eti ndo linakimbia. Si kweli jamani. Ukijaza upepo kiasi kilekile kwenye yote mawili, tairi pana linagusa lami kwa alama fupi na pana, lile jembamba alama yake ni ndefu, kwa hiyo linabonyea zaidi kila linapozunguka na nguvu ya miguu yako inapotelea hapo. Halafu barabara zenyewe zina viraka na kokoto, tairi gumu linarukaruka linakutikisa mwili mzima na huo mtikisiko nao unakula nguvu. Ndo maana hata mapro wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France waliachana na 23 wakahamia 25, siku hizi 28 au zaidi, na kwenye Paris-Roubaix, mashindano ya Ufaransa yanayopita barabara za mawe, wanapita na 30 kwenda juu.

Mi nilifunga 32 nikapunguza upepo, raha yake sasa! Mikono haifi ganzi, kona unalala bila wasiwasi, kipande cha vumbi unapita tu. Ila pima nafasi kwenye fremu na breki kwanza, baiskeli nyingi za zamani 32 haliingii.