Masomo na programu za kiangazi ng'ambo: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mzazi mmoja alinijia nyumbani jioni na bahasha mkononi. Binti yake wa kidato cha tano alikuwa "amechaguliwa" kwenda Marekani mwezi Julai, kongamano la viongozi vijana la wiki mbili. Barua ilikuwa ya rangi, ina mhuri wa dhahabu, na juu kabisa liko jina la chuo ambacho kila mtu amelisikia. Baba alikuwa ameshapata mnunuzi wa ng'ombe wawili.

Tuliiweka mezani tukaisoma mstari kwa mstari. Ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo: udhamini wa sehemu, dola 1,500, katika ada ya ushiriki ya dola 4,200. Nauli, viza na bima juu ya mshiriki. Chuo chenyewe hakikumchagua mtu. Kilikuwa kimekodisha mabweni na kumbi zake wakati wanafunzi wake wako likizo.

Tangu siku ile, kijana yeyote akiniletea barua namuuliza swali moja kabla ya salamu hazijaisha: nani analipa nini? Mengi yanayosemwa mitaani kuhusu kusoma nje huanguka hapo.

"Nikienda programu ya kiangazi ya chuo kikubwa, nimeshaingia chuo hicho." La. Udahili wa shahada una maombi yake na watu wake wa kuyapima. Ziko programu nzuri kweli, na nyingine hazihitaji hata kuvuka bahari. Yale Young African Scholars, iliyoanza 2014, huwaleta wanafunzi wa sekondari pamoja hapahapa Afrika, na Yale haitozi ada ya kuomba wala ya kushiriki. Wenyewe wanasema wazi kwamba kushiriki si tiketi ya kuingia Yale. Mtoto anachotoka nacho ni namna ya kujieleza na marafiki wa nchi kumi, na mimi naona hiyo ni faida tosha.

Angalieni na kalenda. Kiangazi chao, Juni hadi Agosti, ndicho kipupwe chetu, upepo wa kusi ukivuma. Likizo yetu ya katikati ya mwaka Tanzania haimalizi miezi yote hiyo, kwa hiyo safari ya mwisho wa Julai inamtoa mtoto darasani. Mkuu wa shule aambiwe mapema. Aliyemaliza kidato cha sita naye asisahau mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

"Ujerumani kusoma ni bure." Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa Mtanzania au Mkenya. Lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza tangu 2024. Halafu kuna hela ya kuishi. Asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za mwaka mzima, na njia inayotumiwa na wengi ni akaunti maalumu: unaweka hela yote mapema, benki inaishikilia, ukifika unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, jumla euro 11,904. Kwa shilingi za Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni 30, na inatakiwa iwepo kabla hujapanda ndege. Nimeona ukoo ukichanga nauli na kumfanyia kijana sherehe ya kumuaga, ndipo wakasikia habari ya akaunti hiyo kwa mara ya kwanza.

"Nitafanya kazi nijilipie." Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu kwa kawaida, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Uingereza, wanafunzi wengi wa shahada nao wana saa 20. Kwa saa hizo utanunua chakula na vocha. Ada ya mwanafunzi wa kigeni hazifiki.

"Vyuo ghali si vya watoto wetu." Hapa ukweli umegeuka kabisa na mtaa unavyodhani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mwombaji, hata wa kigeni, bila kuangalia kama kwao kuna hela, na akikubaliwa humpa msaada kwa kadiri familia inavyopungukiwa. Kuingia ni kugumu mno, sitamdanganya mtu. Ila mtoto wa mkulima akipenya, chuo hicho chenye ada ya kutisha kinaweza kumgharimu kidogo kuliko chuo cha kawaida ambacho hakina mfuko wa kusaidia wageni.

"Bila wakala hupati." Fomu ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hailipiwi. Vituo vya EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanaotaka kusoma huko, hutoa ushauri bila malipo. Wakala si lazima awe mwizi, na Tanzania wapo waliosajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), lakini mara nyingi hulipwa kamisheni na vyuo, kwa hiyo atakuonyesha zaidi vile vinavyomlipa. Akikwambia anauza nafasi ya Chevening, ondoka. Tena Chevening ni ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na baada ya masomo unarudi nyumbani kwa miaka miwili isiyopungua. Kijana wa kidato cha sita hahusiki nayo kabisa, ila wanaotapeliwa kwa jina lake ni haohao.

Kuhusu IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nitasema moja tu: matokeo yake huhesabiwa miaka miwili. Usikimbilie kuifanya ili "iwepo".

Barua ya udahili nayo si viza. Kwa Marekani chuo hukutumia fomu ya I-20 ya kuthibitisha nafasi yako, unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndipo unaenda kuhojiwa ubalozini, na hapo unaweza kunyimwa.

Ya mwisho ni "wanachukua wenye alama za juu tu." Alama zinafungua mlango, sikatai. Lakini vyuo vya Marekani na wafadhili wengi husoma insha, na insha za watoto wetu hufanana: mimi ni mchapakazi, nina ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Kijana mmoja aliniletea ya namna hiyo mara tatu. Mara ya nne nikamuuliza likizo alifanya nini. Akasema mashine ya kusaga ya bibi yake ilikuwa ikikata mkanda kila wiki, akaifungua, akagundua puli mbili hazijanyooka, akazipanga kwa kamba na msumari. Nikamwambia akae palepale barazani aandike hiyo. Aliandika mpaka giza likaingia, tukawasha taa ya simu.