Namba 1001 na siri yake na 7, 11 na 13

Hebu shika kalkuleta, andika namba yoyote ya tarakimu tatu halafu uirudie hapo hapo mbele yake, mfano 528 inakuwa 528528. Sasa gawanya kwa 7. Inagawanyika bila baki, unapata 75504, hiyo nayo igawe kwa 11 unapata 6864, malizia na 13 na utaona 528 yako imerudi vile vile ulivyoiacha. Jaribu na nyingine, itakuwa hivyo hivyo.

Wanafunzi tukiwaonyesha hii wengi wanadhani ni kiinimacho. Hapana, ukiirudia namba hivyo ni sawa na kuizidisha mara 1001, maana 528 mara elfu moja ni 528000, ongeza 528 nyingine basi, na 1001 yenyewe ni 7 × 11 × 13, namba tasa tatu zinazofuatana. Kwa hiyo ulizidisha bila kujua, kisha ukagawanya kwa kile kile ulichozidishia.

Lakini mimi ninachoipendea zaidi 1001 ni kitu kingine. Karibu kila mtu anajua kuangalia kama namba inagawanyika kwa 2, 3, 5 au 9, ila ukifika kwa 7 utasikia watu wanasema hakuna njia, we gawanya tu. Hilo huwa linaniuma kwa sababu njia ipo na ni nyepesi. Chukua 86,415,679. Ikate makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa na ujumlishe kwa zamu: 679 toa 415 jumlisha 86, unapata 350. Hiyo 350 inagawanyika kwa 7, basi na ile namba kubwa inagawanyika. Kwa 11 je? 350 inabakiza 9, kwa hiyo na namba kubwa inabakiza 9. Kwa 13 inabakiza 12, zote mbili. Yani hesabu moja fupi imekujibu maswali matatu kwa mpigo.

Inafanya kazi kwa sababu elfu moja ni 1001 pungufu ya moja, ndio maana kundi la maelfu tunalitoa, na milioni ni 999 × 1001 jumlisha moja, ndio maana kundi la mamilioni tunalirudisha. Ukikubali hayo mawili huhitaji kukariri chochote.

Sasa angalia desimali. Moja ya saba ni 0.142857 halafu inajirudia bila mwisho, na watu wengi wanaishangaa hiyo 142857 kwamba ukiikata katikati, 142 jumlisha 857, unapata 999. Imetoka wapi? Moja ya saba ni sawa na 143 juu ya 1001, kwa sababu 11 × 13 ni 143. Zidisha juu na chini mara 999, chini panakuwa 999999 na juu 143 × 999, yaani 143000 toa 143, ambayo ni 142857 kamili, na tarakimu sita zikikaa juu ya 999999 ndizo zinazojirudia kwenye desimali. Moja ya kumi na tatu nayo ni 77 juu ya 1001, ukifanya vile vile 77000 toa 77 unapata 76923, iandike 0.076923 (ile sifuri ya mbele usiiache, ndiyo inayotimiza tarakimu sita), kisha jumlisha 076 na 923 uone.