Mawe ya Olorgesailie hayakupasuliwa na jua

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: picha ya jiwe moja, na maneno kwamba zana za mawe za watu wa kale zilizopatikana Olorgesailie, eneo la akiolojia kusini-magharibi mwa Nairobi, ni mawe tu yaliyopasuka kwa jua na mvua. Si kweli. Shaka yenyewe si ya kipuuzi, maana jua na mito huvunja mawe kweli, na kipande kimoja kilichookotwa njiani kinaweza kumtatiza hata mtaalamu.

Tofauti iko kwenye makovu. Jiwe likigongwa kwa nguvu karibu na ukingo, kibanzi kinachobanduka huwa na uvimbe mdogo pale lilipogongwa, na jiwe hubaki na kishimo kinacholingana nao. Mashoka ya mkono ya Olorgesailie, yaani mawe yaliyochongwa ili yashikwe mkononi bila mpini, yana makovu hayo pande zote mbili, yakifuatana hadi ukingo ukawa mkali na jiwe likapata umbo la tone. Jua halirudii kazi hiyo kwenye mamia ya mawe. Isitoshe, baadhi ya zana za baadaye ni za kioo cheusi cha volkano kilicholetwa kutoka zaidi ya kilomita 25.

Umri nao haukisiwi. Hupimwa kwa gesi ya argoni iliyonaswa ndani ya majivu ya volkano, juu na chini ya zana.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Ukiweza, shika barabara ya Magadi ukajionee. Mashoka mengi yameachwa pale pale yalipopatikana. Usipoweza, mwombe aliyetuma picha akuonyeshe upande wa pili wa jiwe.