Je, Wajua kwa Nini Bomu la Nyuklia Lilizidisha Hofu Kati ya Marekani na Wasovieti?

Jioni ya tarehe 24 Julai 1945, mjini Potsdam, nje kidogo ya Berlin, kikao cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha na wajumbe wanajiandaa kuondoka, pale Rais Harry Truman wa Marekani alipoizunguka meza bila hata kumchukua mkalimani wake, akamwendea Joseph Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, na kumdokezea kwamba nchi yake imepata silaha mpya yenye nguvu ya uharibifu isiyo ya kawaida. Neno atomu hakulitaja. Stalin alijibu kwa maneno machache na kwa utulivu mkubwa, hata Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliyekuwa akiwatazama kwa mbali, akaamini kwamba hakuelewa uzito wa alichoambiwa. Kumbe alikuwa na habari zamani. Majasusi wake, akiwemo mwanafizikia Klaus Fuchs aliyekuwa akifanya kazi ndani ya mradi wenyewe wa Marekani wa kuunda bomu, walikuwa wameshampelekea taarifa hizo.

Wakati huo nchi hizo mbili zilikuwa bado washirika wa vita, na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa hayajaangushwa. Mmoja alikuwa akimficha mwenzake, na mwenzake alikuwa akiificha siri ya kuijua siri.

Husemwa mara nyingi kwamba silaha za nyuklia ndizo zilizolinda amani, kwa kuwa kila dola liliogopa kuangamizwa na jingine. Kauli hiyo ina ukweli wake, maana majeshi ya Marekani na ya Umoja wa Kisovieti hayakuwahi kuingia katika vita kamili dhidi ya kila mmoja. Lakini kama silaha hizo zilituliza, kwa nini miaka zaidi ya arobaini ya Vita Baridi ilijaa mashaka kiasi kile? Kwa maoni yangu, jibu haliko hasa katika ukubwa wa mabomu, ingawa ndio unaotajwa zaidi. Liko katika muda wa kufikiri, ambao kila silaha mpya iliupunguza.

Mwanzoni Wamarekani waliamini kwamba wana muda wa kutosha. Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi wa bomu, alikadiria kwamba Wasovieti wangehitaji hata miaka ishirini kuwafikia, sababu mojawapo ikiwa imani yake kwamba hawakuwa na urani, madini ya kuundia bomu hilo, ya kutosha. Hapa msomaji wa Likasi au Lubumbashi atatambua jina lililo karibu na kwao, kwani urani nyingi ya mradi huo ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, yakakaa katika ghala la Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuyaulizia mwaka 1942. Miaka ishirini ya Groves ikawa minne tu. Tarehe 29 Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza huko Semipalatinsk, Kazakhstan.

Kuanzia hapo mabomu yalikua upesi. Lile la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya takriban tani 15,000 za baruti ya TNT. Bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililijaribu mwaka 1952 katika visiwa vya Enewetak lilipita tani milioni 10, na mwaka 1961 Wasovieti wakalipua la tani zipatazo milioni 50 juu ya visiwa vya Novaya Zemlya. Hata hivyo, mabomu ya namna hii yalisafirishwa kwa ndege, na ndege huchukua saa nyingi kufika na huweza kuamriwa irudi. Hali ilibadilika mwaka 1957, Wasovieti walipofaulu kurusha roketi ya R-7, ambayo mwezi Oktoba iliipeleka Sputnik angani. Roketi ya aina hiyo ingeweza kubeba bomu kutoka bara hadi bara kwa muda wa kama nusu saa, na ikisharushwa hairudishwi.

Kombora linalosubiri kurushwa ni silaha, lakini kwa adui ni shabaha pia. Atakayewahi anaweza kuyateketeza makombora ya mwenzake yakiwa bado ardhini, na atakayechelewa huenda asibakiwe na kitu cha kujibia. Kwa hiyo hata kiongozi asiyetaka vita kabisa alilazimika kujiuliza kama mpinzani wake naye anawaza hivyo hivyo. Tena mataifa yote mawili yalikuwa na kumbukumbu chungu ya mwaka 1941, Wasovieti wakiwa wamevamiwa ghafla na Hitler mwezi Juni, na Wamarekani wakiwa wameshambuliwa na Wajapani katika Pearl Harbor mwezi Desemba. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Usiri ulikoleza hofu hiyo. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti baada ya Stalin, alijigamba kwamba nchi yake inatoa makombora kama soseji, na katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1960 John Kennedy, aliyeshinda urais, alimlaumu mpinzani wake kwamba serikali imeachwa nyuma na Wasovieti katika makombora. Picha za setilaiti zilipokuja kuonyesha kwamba makombora ya Kisovieti ya masafa marefu yalikuwa machache mno, Marekani ilikuwa imeshaanza kuunda mengi zaidi. Majigambo yalimgeukia mwenyewe, na Khrushchev, akijua sasa yuko nyuma, akaamua kuweka makombora ya masafa ya kati huko Cuba, karibu na Florida. Marekani nayo ilikuwa na makombora yake ya Jupiter nchini Uturuki, jirani kabisa na Wasovieti, jambo ambalo simulizi nyingi hulipita haraka.

Ndege ya ujasusi iliyapiga picha makombora ya Cuba tarehe 14 Oktoba 1962. Tarehe 27 ndege nyingine ya aina hiyo ilidunguliwa, na rubani wake, Rudolf Anderson, akafa. Siku hiyo hiyo meli za Marekani zilikuwa zikitupa mabomu madogo ya ishara baharini ili kuilazimisha nyambizi ya Kisovieti B-59 ijitokeze, bila kujua kwamba imebeba topido, yaani kombora la kupita majini, ya nyuklia. Ndani mlikuwa na joto kali, betri zilikuwa zinakwisha, na mawasiliano na Moscow yalikuwa yamekatika. Kwa simulizi za waliokuwemo, nahodha alikasirika akataka topido hiyo iandaliwe, na afisa mwenzake Vasili Arkhipov akamtuliza hadi nyambizi ikaibuka juu.

Kinachonishangaza zaidi katika mgogoro ule ni barua. Kombora lingevuka bahari kwa nusu saa, ilhali ujumbe wa Khrushchev kwa Kennedy uliweza kuchukua hadi nusu siku kupokewa, kufumbuliwa na kutafsiriwa. Balozi wa Kisovieti mjini Washington, Anatoly Dobrynin, alieleza baadaye kwamba simu za maandishi za ubalozi wake zilichukuliwa na kijana wa kampuni ya telegrafu aliyekuja kwa baiskeli, na yeye balozi alibaki akiomba tu kijana huyo asipitie kwingine njiani. Ndiyo maana mwaka 1963 serikali hizo mbili zilianzisha njia ya moja kwa moja ya mawasiliano. Ile simu nyekundu ya kwenye filamu haikuwapo. Zilikuwa mashine za kuchapa maandishi, kila upande ukiandika kwa lugha yake.

Hata ngao ilitia hofu. Mtu anayejenga mitambo ya kudungua makombora huonekana anajilinda tu, lakini jirani yake huona kwamba mwenye ngao anaweza kupiga bila kuogopa kurudishiwa. Mwaka 1972 Moscow na Washington zilitia saini mkataba wa kuziwekea mipaka ngao hizo, yaani zilikubaliana, kwa makusudi, kubaki wazi kupigwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 muda ulipungua tena. Wasovieti walikuwa wameelekeza makombora ya SS-20 Ulaya Magharibi, na Marekani ikajibu kwa kuandaa makombora ya Pershing II nchini Ujerumani Magharibi, ambayo yangeifikia ardhi ya Kisovieti kwa dakika chache. Tarehe 1 Septemba 1983 Wasovieti walidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wakafa. Muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 26 mwezi huo, king'ora kililia katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, na mitambo ikamwambia afisa wa zamu, Stanislav Petrov, kwamba Marekani imerusha kombora. Kisha ikaongeza la pili, hadi yakafika matano. Rada za ardhini hazikuona kitu, na Petrov alijiuliza ni nani angeanzisha vita vya namna hiyo kwa makombora matano tu. Akapiga simu kuripoti kwamba mitambo imekosea. Baadaye iligunduliwa kwamba setilaiti ilikuwa imeuona mwanga wa jua ukiakisiwa na mawingu. Petrov mwenyewe alisimulia kwamba alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu usiku ule.

Duniani kulikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000 mwaka 1986. Tarehe 8 Desemba 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani na kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev walipokubaliana kwa mara ya kwanza kuifuta aina nzima ya silaha hizo, waliyachagua makombora ya ardhini yanayofika kati ya kilomita 500 na 5,500, zikiwemo Pershing II na SS-20. Hadi mwaka 1991 yalikuwa yameharibiwa 2,692. Ghala lilipungua kidogo tu, lakini yaliyoondoka ni yale yaliyompa afisa wa zamu dakika chache kuliko yote.