Kikundi cha kusoma makala si semina: dhana zinazowaponza wanafunzi wa uzamivu wa uchumi

Kikundi chetu cha kwanza cha kusoma makala kilikufa wiki ya tano. Tulikuwa sita, wote wanafunzi wa uzamivu wa uchumi, katika chumba chenye feni inayolalamika, na kila Alhamisi mmoja alikuja na slaidi thelathini alizozikeshea. Wiki ya tano mwenye zamu alisema ana homa. Ya sita, mwenye zamu naye alikuwa na homa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kikundi cha pili kiliishi zaidi ya miaka miwili, na watu walikuwa karibu walewale. Kilichobadilika ni mambo tuliyokuwa tukiyaamini.

“Mwenye zamu lazima awe ameielewa makala yote”

Hii ndiyo iliyotuua. Makala ya uchumi siku hizi hufika kurasa sitini, na kiambatisho chake huweza kuwa kirefu kuliko yenyewe. Mtu anayejua kwamba atasimama mbele ya wenzake kama shahidi mahakamani huchagua makala nyepesi, hunakili muhtasari wa waandishi, na penye ugumu hupita mbio akiomba Mungu asiulizwe.

Katika kikundi cha pili tulifuta slaidi. Mwenye zamu alileta vitu viwili tu: jedwali moja lililochapishwa kwenye karatasi, na sentensi moja ambayo hakuielewa. Saa nzima tulikaa juu ya jedwali hilo.

Alhamisi moja jedwali lilitoka kwenye makala ya mwaka 2001 ya Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, ile inayofuata mizizi ya utajiri na umaskini hadi enzi za ukoloni. Hoja yao kwa ufupi: pale Wazungu walipokufa sana kwa malaria na homa ya manjano hawakuhamia, wakaweka tawala za kukamua tu, pale walipoweza kuishi walijenga taasisi za kulinda mali, na alama za taasisi hizo zinaonekana kwenye kipato cha leo. Kwa hiyo vifo vya wakati ule vinatumika kama wenzo wa kupimia athari za taasisi. Kwenye kiambatisho kuna safu ya vifo kwa kila watu elfu moja kwa mwaka. Kenya: 145. Tanzania: 145. Uganda: 280.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Bukoba, ambaye hakuwahi kufungua mdomo tangu aanze kuja, akauliza: “Kwani mbu wa Nakuru na mbu wa Pangani ni wamoja?” Tukacheka. Halafu kicheko kikakatika, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Nchi mbili, kila moja ina pwani ya joto na nyanda za baridi, zinafanana vipi mpaka tarakimu ya mwisho?

Ikabidi tufukue vyanzo vya data. Kumbe nchi nyingi kwenye orodha ile hazikuwa na takwimu zake zenyewe. Zilipewa za nchi nyingine iliyodhaniwa kuwa na mazingira ya kufanana. Mchumi David Albouy aliandika kwa urefu juu ya jambo hilo: kati ya nchi 64, ni 28 tu ambazo takwimu zake zilitoka ndani ya mipaka yake. Kazi hiyo aliianza akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilichapishwa mwaka 2012, na waandishi wale watatu wakamjibu katika jarida hilohilo. Mwaka 2024 watatu hao walipewa Nobel ya uchumi.

Nani yuko sahihi? Chumbani mwetu ubishi haukuisha. Mimi nilitoka nikiiamini hoja yao ya jumla zaidi kuliko kipimo chao, na nikijua kwamba makala niliyokuwa nimeinukuu mara nne kwenye pendekezo langu la utafiti sikuwahi kuisoma kiambatisho.

“Mwanafunzi ni nani hata awakosoe magwiji”

Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyosema kwamba deni la serikali likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi huporomoka: wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka katika nchi tajiri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu sana walipotetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa kazi ya darasani: chagua makala, rudia matokeo yake. Akahesabu, akahesabu tena, hakuyapata. Akawaomba waandishi faili lao, nao wakampa (ungwana ambao watu husahau kuutaja). Ndani ya faili, fomula ya wastani ilikuwa imeishia njiani na kuziacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, wakatoa hesabu mpya: ukuaji wa chanya 2.2.

Hapa pana dhana ndani ya dhana. Kisa hiki husimuliwa kama “lile kosa la Excel”, na hata wachumi wenyewe huishia hapo. Fomula ile ilichangia kidogo tu, kama pointi 0.3. Kikubwa zaidi kilikuwa kwenye miaka iliyoachwa nje na uzito ambao kila nchi ilipewa katika wastani. New Zealand ilikuwa imebakiziwa mwaka mmoja katika kundi la madeni makubwa, 1951, wenye ukuaji wa hasi 7.6, mwaka huo mmoja ukahesabiwa sawasawa na miaka 19 ya Uingereza yenye wastani wa 2.4. Kuliona hilo hakuhitaji hisabati za juu. Kunahitaji mtu mwenye subira anayeuliza, “Hii namba imetoka kwenye miaka mingapi?” Ni swali la mtu mwenye kalamu na karatasi, tena hata mkopo wa chuo ukiwa haujatoka.

“Bila profesa kuongoza, hakuna kikundi”

Oktoba 1930 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alitoa kitabu chake kikubwa juu ya fedha. Vijana wachache pale Cambridge wakaanza kukutana kukichambua: Richard Kahn, Joan Robinson na mumewe Austin, Piero Sraffa, na James Meade aliyekuwa amekuja kutoka Oxford kwa mwaka mmoja. Meade alikuwa na miaka 23. Keynes hakuwa akihudhuria. Kahn ndiye aliyebeba hoja kwenda kwake na kurudi na majibu, na kitabu cha Keynes cha mwaka 1936 kilipitia katika mabishano hayo.

Sisemi wasimamizi hawana kazi. Nasema msimamizi akikaa chumbani, kila swali hugeuka mtihani. Kwetu kumwambia mwalimu “sijaelewa” kunataka moyo. Kumwambia “hapa nadhani pamekosewa” kunataka moyo na nusu. Sisi tulimpelekea mmoja wa walimu maswali yaliyotushinda, mara moja kwa mwezi, kwenye karatasi moja. Alifurahi kuliko alivyofurahi kualikwa.

“Hatuna pesa za majarida”

Hili ni dogo. NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, huwaruhusu wakazi wa nchi zinazoendelea kupakua makala zake bure. Waandishi wengi huweka rasimu kwenye kurasa zao, na majarida ya chama cha wachumi wa Marekani huwataka waandishi waweke hadharani data na programu walizotumia. Tatizo letu halikuwa pesa. Lilikuwa umeme kukatika saa kumi jioni.

“Tukiwa wengi ndiyo tutajifunza zaidi”

Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, wawili huongea na wengine huangalia simu. Walio mbali wanaweza kubaki ndani: walio kwenye programu ya pamoja ya uzamivu ya AERC, muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, ambao husoma vyuo tofauti kisha hukutana Nairobi kwa masomo ya kuchagua, hurudi makwao wakiwa tayari wanafahamiana. Kundi la WhatsApp, picha ya jedwali, ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Unatosha.

“Nikitaja mada yangu wataniibia”

Mwenzetu mmoja alikuwa akitafiti bei za mahindi mipakani, na kwa mwaka mzima hakutuambia. Tukimwuliza, alijibu “mambo ya kilimo” na kubadilisha mazungumzo. Siku aliyoleta jedwali la makala iliyokaribiana na kazi yake ikabidi aseme, akalalamika kwamba amehangaika miezi saba kutafuta bei za masoko ya Namanga na Holili. Aliyekuwa akikaa naye dawati moja akafungua kompyuta yake, akageuza kioo upande wa pili. Bei zilikuwa humo, za kila wiki, tangu alipofanya utafiti wake wa shahada ya uzamili.