Gesi ya kupikia na chuma cha kufua

Ukipita kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, utasikia kwamba gesi ni ya chai na ugali, chuma hulainishwa na makaa tu. Wanaosema hivyo wana sababu: shika msumari mnene kwa koleo juu ya jiko la gesi, utaishia wekundu hafifu, basi.

Ila kasoro haiko kwenye gesi. Mwali wa propani, moja ya gesi za mtungi wa kupikia, uliochanganyika vizuri na hewa hukaribia nyuzi 1,900 za Selsiasi, na chuma hukubali nyundo kwenye 1,100 hivi. Juu ya jiko joto hupaa likapotea. Hata makaa, bila mvukuto, hayafui jembe. Tanuri la gesi hufungia mwali ndani ya bomba pana la chuma lililotandikwa matofali yanayostahimili moto au blanketi la kauri, mdomo ukiwa mdogo, na kuta zenyewe zikaanza kung'aa kwa joto.

Unaweza kujipimia. Ning'iniza sumaku kwa waya. Isiponasa chuma, kimefika nyuzi 770. Kikiwa cha manjano ukikitazama kivulini, kipige.

Regulata ya jikoni haifai hapa. Tafuta ya presha ya juu inayorekebishika. Paka viungio povu la sabuni, mapovu yakivimba, funga mtungi. Na fanyia kazi mahali wazi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na monoksidi ya kaboni inayotoka tanurini haina harufu.